Ponti ya Nyuma ya Motokari ya Bwana Antoine

Jumatatu, 4 Septemba 1961

Katika Lubumbashi yote kuna watu wawili tu wanaojua gari: mimi, Nkandu, na yule Mwingereza aliyeliunda. Yule Mwingereza bado anajifunza. Nikipita karibu na gari lililokufa, linakohoa lenyewe kwa heshima. Nikiweka sikio juu ya boneti nasikia kilichovunjika, kilichochoka, na kile kinachojifanya kigonjwa ili kisiende kazini. Nina miaka kumi na sita. Ningemaliza shule ya mapadri, lakini waliona nitamaliza kujua kabla yao, wakanitoa mwaka wa tano. (Wao wanasema ni sababu ya yule mbuzi ndani ya sakristia. Maneno ya watu.)

Daftari hili nimepewa na Émile. Tunafanya kazi pamoja kwa Baba Kapya, fundi wa magari hapa Kamalondo. Émile amenizidi miaka miwili ya shule na hapendi dunia isahau.

— Chukua, aliniambia. Siku kumi tu utachoka.

— Miye? Miye nitaandika mpaka karatasi zilie.

— Andika basi. Lakini andika kweli, hapana bongo.

Bongo kwetu ni uongo. Kwa hiyo hapa ni kweli tupu. Mimi naandika Kiswahili cha mapadri, ila watu nitawaacha waseme kama wanavyosema, na «njo» yao badala ya «ndio».

Jumatano, 6 Septemba

Leo gari limeingia uani likisukumwa na wanaume sita. Gari dogo la mbio la Kiingereza, la kijani, siti mbili, halina paa, taa zake kama macho ya chura aliyepata habari mbaya. Lilikuwa la Mbelgiji mmoja, daktari wa meno. Mwaka jana mwezi wa saba alikimbilia Rhodesia ndani ya gari la rafiki yake, akaliacha hili chini ya turubai. Sasa ni la Bwana Antoine, karani wa serikali, mtu wa shati jeupe hata siku ya vumbi. Juzi alilirusha juu ya reli, pale barabara inapokatana nayo, huku akimtazama msichana aliyekuwa upande mwingine. Ponti ikapasuka.

Kwa wasiojua, yaani watu wote isipokuwa mimi: ponti ni ekseli ya nyuma. Ni bomba nene la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, katikati limevimba kama nyoka aliyemeza chungu. Ndani ya uvimbe ule kuna kichwa cha meno, ndicho kinachopokea mzunguko wa mota na kuyagawia magurudumu mawili. Kichwa cha gari hili ni kizima. Bomba ndilo limepasuka, ukucha unaingia.

— Baba Kapya, alisema Bwana Antoine, mwezi wa kumi, tarehe makumi mbili na nane, niko naoa. Nitatoka ku kanisa na hii motokari. Si na ingine.

— Na kama haitengenezeki?

— Clotilde, ule nitaoa, anajua hii motokari vizuri. Miye sijui kama ananijua.

Wanaume sita walicheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 9 Septemba

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo gari hili ni chuma tu.

Émile ni Mukasai. Baba yake alikuja toka Kasai kufanya kazi ya reli, akafa. Mama yake, Mama Ngalula, anashona nguo nyumba ya pili toka uani kwetu, na Émile alizaliwa mumo humo. Sisi baba yangu pia alikuwa wa reli, toka Pweto. Zamani hakuna aliyeuliza. Tangu nchi ilipotangazwa kuwa ya Katanga peke yake, watu wanauliza. Mwezi huu Wakasai wa barabara yetu wanafunga magodoro na kwenda kulala kwenye kambi, karibu na askari wa ONU, Umoja wa Mataifa, chini ya mahema na magunia. Ukiondoka asubuhi, mchana mtu mwingine yuko ndani ya nyumba yako.

Baba Kapya hakumtajia Bwana Antoine malipo. Alimtajia Émile.

— Hawa batoto babili njo mikono yangu, alisema. Ukitaka ponti, unitilie barua. Barua ya ofisi, na muhuri, iseme huyu mutoto na mama yake babaki mu nyumba yabo, hakuna mutu atabagusa.

Bwana Antoine alitazama gari, akatazama Émile, akatazama gari.

— Jumamosi ya ndoa nitoke ku kanisa na motokari. Jumatatu natia muhuri.

Émile alikuwa anapanga spana kwa ukubwa. Hakuinua kichwa. Mimi nilimwambia:

— Umesikia? Uzima wako uko mu mikono ya Nkandu.

— Njo maana silale, alisema.

Jumanne, 12 Septemba

Vumbi. Mawingu yalikuja, yakaangalia, yakaenda.

Jumatano, 13 Septemba

Vita.

Alhamisi, 21 Septemba

Wanasema imekwisha. Siku nane tulilala chini ya vitanda, na mimi ndiye niliyekuwa mtulivu kuliko wote, muulizeni yeyote aliyekuwa amefunga macho. Ndege moja ilikuwa inazunguka mjini kama nzi aliyefungiwa ndani. Askari wa ONU huku, majandarme wa Katanga kule, sisi katikati na muhogo wa jana.

Siku ya tatu kitu kilianguka karibu na duka la kona. Kioo cha dirisha la Baba Kapya kikaruka chote, na kipande kimoja kikampasua kiganja cha kulia toka kidole cha shahada hadi kifundo. Sasa mkono wake ni bonge la kitambaa. Fundi bila mkono wa kulia ni kama padri bila Kilatini: anajua kila kitu na hawezi kufanya kitu.

— Hiyi ponti, ametuambia, mutaifanya ninyi babili. Miye nitakuwa mudomo.

Tangu zamani ni mdomo.

Jumatatu, 25 Septemba

Tumepata ponti! Ndefu kidogo habari hii.

Bomba jipya halipo popote mjini. Lakini mimi (mimi!) nilikumbuka kamionete, gari dogo la mizigo, ya kiwanda kilekile, imekufa siku nyingi huko Annexe, nje ya mji, katikati ya shamba la muhogo. Ponti yake ni ndugu wa ya kwetu. Tunachukua bomba lake, tunaingiza ndani kichwa cha meno cha gari letu wenyewe, maana kichwa cha kamionete ni cha kubeba viazi, hakijui mbio.

Tulikwenda mimi na Émile na mkokoteni. Njiani, vijana wanne na ubao uliolazwa juu ya mapipa.

— Ninyi bantu ya wapi?

— Ya Kamalondo, nikasema. Huyu ni yaya yangu, mukubwa wangu. Bubu.

— Bubu?

— Toka kuzaliwa. Na kichwa chake pia hakiko sana. Akiona motokari analia.

Niliwasalimu kwa lugha ya kwetu Pweto, nikawauliza habari za nyumbani, nikawachekesha. Émile, asiyeijua lugha hiyo, alisimama na mdomo wazi kidogo, mate karibu yamtoke. Sikujua ana kipaji. Walituachia njia. Tulipofika mbali nikamwambia:

— Unaona? Ukinyamaza uko na akili mingi.

Tukavuka mashamba mawili. Kisha akasema:

— Walikuwa na shoka ngapi?

— Sikuhesabu.

— Moja. Ule wa nyuma.

Mimi sikuliona. Naandika hapa kwa sababu nimeahidi kweli.

Kamionete ni nyumba ya kuku. Mwenyewe, Mama Laurentine, alitoka na ufagio.

— Motokari ile eko na bantu ndani!

— Bantu gani, Mama?

— Kuku yangu kumi na moja. Moja iko inaatamia.

Tulipatana. Nilimpa samaki wakavu wote ambao mjomba alituletea toka Pweto, na ahadi kwamba tutaiegemeza kamionete juu ya mawe ili kuku wasilale kwa kuinama. Tulifungua bolti tumelala chini, mavi ya kuku yakitudondokea, na yule kuku mwenye mayai hakuinuka hata mara moja. Émile alimwita Madame. «Pardon, Madame.» «Tunamaliza, Madame.» Nilicheka mpaka spana ikaniangukia kwenye pua.

Jumatatu, 2 Oktoba

Kusugua kutu. Jakaranda zimechanua, njia zote za wazungu ni zambarau. Kwetu ni kutu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Baba Kapya ana sheria mbili za ponti, na leo alizirudia mpaka hata kuku wa Annexe wamezishika.

Ya kwanza: kabla ya kukitoa kichwa cha meno, kiandikwe JUU kwa chaki, upande ulioelekea juu. Sababu ni hii: bolti zake zimepangwa duara, kwa hiyo kinaweza kurudi sawa au kikarudi kichwa chini, na chuma hakitasema neno.

— Ukigeuza, alisema, itafunga vizuri, itazunguka vizuri. Lakini haitaenda kwenye unataka.

Ya pili: kabla ya kufunga, watu wawili waingize mkono, mmoja baada ya mwingine, waguse ndani na waangalie alama. Mmoja aseme sawa, wa pili aseme sawa, ndipo bolti ya kwanza iingie. Zamani alikuwa anagusa yeye na mmoja wetu. Sasa na bonge lake la kitambaa, ni mimi na Émile.

Émile aliandika JUU. Ana mwandiko wa barua ya ndoa. Tukakitoa kichwa, tukakilaza juu ya gunia.

Jumanne, 10 Oktoba

Mawingu yalikuja, yakaangalia, yakaenda. Bwana Antoine pia.

Jumatatu, 16 Oktoba

Usiku vijana wa kona, wale wanaotaka Wakasai waondoke, walitupa mawe kwenye mlango wa Mama Ngalula. Asubuhi alikuwa anashona kama kawaida, mashine ameisogeza tu mbali na dirisha. Anashona gauni la Clotilde! Sikujua. Jeupe, lote limejaa mapajani mwake, kama ameketi ndani ya maziwa.

— Nkandu, motokari itakwisha?

— Mama, motokari hiyo ikisikia jina langu inasimama wima.

— Sitaki isimame. Niko nataka itembee.

Ijumaa, 20 Oktoba

Baba Kapya alikwenda kusema na vijana wa kona. Alirudi akasema neno moja: «Mpaka harusi.» Maana yake wamekubali kungoja waone kama barua itatoka.

Ndipo niliona kwamba mzee huyu, ninayemcheka kila siku kwa suruali yake ya kufungwa kwa kamba, amekwenda peke yake mbele ya watu kumi, na mkono mmoja. Kesho nitamcheka tena, lakini kidogo.

Jumanne, 24 Oktoba

Bomba limefungwa chini ya gari, springi zimelishika, breki zimeunganishwa. Limebaki kuingiza kichwa cha meno tu. Leo nilikiosha. Hakuna aliyeniambia, kilikuwa na grisi ya miaka na vumbi la Septemba yote. Nilikichovya katika mafuta ya taa, nikapiga brashi, nikakipangusa na shati langu la zamani mpaka meno yake yakang'aa kama ya yule daktari mwenyewe. Émile alikuwa kwa mama yake. Akirudi atakufa kwa wivu.

Jumatano, 25 Oktoba

Joto. Watu wote wana hasira na hawajui na nani.

Shangazi wa Bwana Antoine, Mama Marie-Thérèse, alikuja kukagua. Mwanamke wa kitambaa kikubwa cha kichwa na sauti ya kengele. Alilizunguka gari mara tatu.

— Hii motokari, alisema, hakuna mutu atakaa ndani mbele ya bibi-harusi. Hakuna! Itasukumwa mpaka ku kanisa, na bana ya ndugu, na nyimbo. Mota italia mara ya kwanza na bibi-harusi ndani.

— Mama, akasema Baba Kapya, lazima tuipime ku njia.

— Pima na mudomo. Na esansi yenyewe iko wapi? Tuko na chupa mbili tu mu mji muzima, na hizo mbili ni za kutoka ku kanisa mpaka ku nyumba.

Kuhusu esansi, yaani petroli, alisema kweli. Tangu vita hakuna. Baba Kapya alikubali, nusu. Tutawasha likiwa juu ya magogo, dakika moja tu, magurudumu yakielea, tuone yanazunguka.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nimefunga ponti. Mimi, peke yangu, na bolti zote zimekaza kama meno ya mtu aliyenyimwa.

Émile hakuja. Mawe tena, safari hii mchana, na yeye alikaa mlangoni na nyundo. Baba Kapya angejua kwamba hakuja siku ya kufunga, angesimamisha kazi, na harusi ni keshokutwa. Kwa hiyo aliponiuliza toka kitini kwake, ndani ya nyumba:

— Babili muligusa?

Nilisema:

— Tuligusa, Baba. Émile mbele, miye nyuma.

Ni uongo mdogo, wa kumsaidia rafiki. Nauandika ili Émile akisoma asiseme naficha.

Alama ya chaki ilikuwa imetoka katika kuosha. Haidhuru. Nakumbuka vizuri kilivyolala juu ya gunia. Niliandika JUU nyingine mahali palepale, hata nikajaribu kufuata mwandiko wake.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mvua! Ya kwanza. Imepiga mabati mpaka hatusikiani. Baba Kapya alikwenda kubadilisha kitambaa cha mkono. Niliwasha gari juu ya magogo, dakika moja. Magurudumu yamezunguka vizuri.

Jumamosi, 28 Oktoba

Leo naandika kurasa, na kama mistari imepinda ni kwa kicheko. Kwa sehemu kubwa ni kwa kicheko.

Asubuhi mvua ilinyamaza. Wana wa ndugu kumi na wanane walilisukuma gari toka uani hadi kanisani, ribani nyeupe kwenye taa za chura, Mama Marie-Thérèse mbele akiimba na kutukana mashimo ya njia. Mimi nilitembea kando nikiwa nimeweka mkono juu ya mlango, kama waziri. Émile alitembea upande wa pili. Alikuwa amevaa shati la baba yake. Mama Ngalula hakuja. Gauni ndilo lilikuja.

Mbele ya kanisa pana uwanja mdogo unaoteremka hadi mtaroni. Gari lilisimamishwa uso ukielekea barabarani, mgongo ukielekea mtaro, na nyuma yake wakapangwa watu wa fanfare: tarumbeta nne, tuba moja, na ngoma kubwa iliyobebwa na mtu mdogo.

Misa ikaisha. Wakatoka. Clotilde ndani ya lile gauni alikuwa... basi, nilielewa habari ya ile reli. Wakaingia. Bwana Antoine alirekebisha tai, akageuza ufunguo, mota ikanguruma, watu wakapiga vigelegele, fanfare ikapuliza. Akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi.

Gari likaondoka kwa mbio nzuri sana, likienda nyuma.

Tarumbeta ziligawanyika mbili kushoto, mbili kulia. Tuba iliruka, sijui vipi, tuba ni nzito. Mtu mdogo aliacha ngoma akajiokoa, ngoma ikabaki, ikapasuka kwa mlio wake wa mwisho na bora kuliko yote. Bwana Antoine, akidhani ameshika gia mbaya, akaweka ya pili. Ndiyo, wakaenda nyuma kwa mbio zaidi, mpaka magurudumu ya nyuma yakaingia mtaroni na maji mekundu yakapanda na kushuka juu ya bwana na bibi.

Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, na alikuwa Clotilde. Alicheka huku matope yakimtiririka kwenye kidevu.

— Antoine, alisema, unanirudisha kwetu?

Watu wote wakacheka. Bwana Antoine hakucheka. Ilikuwa mara ya pili namwona hacheki, na mara hii ilikuwa tofauti.

Baba Kapya alishuka hadi mtaroni polepole. Alikuwa ameshaelewa. Akainama mlangoni akasema kwa sauti ndogo:

— Bwana, utie gia ya nyuma.

Tukalitoa mtaroni. Bwana Antoine akaweka gia ya nyuma na gari likaenda mbele, kwa mwendo wa bibi kizee anayetoka sokoni, likilia kama mbwa aliyefungiwa. Hivyo ndivyo walivyokwenda harusini: gia moja ya kwenda mbele, nne za kurudi. Watoto waliwapita kwa miguu, wakawangoja kwenye kona, wakawapita tena.

Nilikuwa bado nacheka niliposikia mmoja wa vijana wa kona, nyuma yangu:

— Nani alitengeneza?

— Ule Mukasai wa Kapya.

— Njo hivi banafanya. Banatutia haya.

Nikageuka. Émile alikuwa amekwisha kwenda.

Jumapili, 29 Oktoba

Tulikifungua mbele ya Bwana Antoine na watu saba. Kichwa cha meno kilikuwa kichwa chini. Na pale chini, ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, pameandikwa JUU kwa chaki, kwa mwandiko mzuri.

— Hii chaki ni ya nani? akauliza Bwana Antoine.

Baba Kapya aliigusa ile chaki kwa kidole cha mkono wa kushoto. Kila mtu uani anajua chaki ni kazi ya nani.

— Nkandu, akasema, muligusa babili?

— Tuligusa, Baba.

— Émile mbele?

— Émile mbele.

Émile alikuwa amesimama karibu na magogo. Alinitazama. Siku ile alikuwa mlangoni kwa mama yake na nyundo, na yeye alijua, na mimi nilijua. Lakini kusema hakugusa ni kusema Baba Kapya alidanganywa mbele ya watu saba, na kusema kwamba siku ya kazi yeye hakuja. Labda alikuwa anangoja mimi niseme. Nilikuwa naangalia bolti.

— Chaki ni yangu, alisema Émile.

Jumatatu, 30 Oktoba

Muhuri haukupigwa. Mvua.

Jumatano, 1 Novemba

Mvua. Mashine ya kushona imefungwa ndani ya blanketi.

Alhamisi, 2 Novemba

Wamekwenda leo. Niliwabebea godoro. Ningeweza kubeba mawili, lakini walikuwa na moja tu.

Mama Ngalula alitangulia na mashine kichwani, hakugeuka nyuma. Baba Kapya aliwafikisha hadi mwisho wa barabara, akabaki amesimama pale na mkono wake wa kitambaa, kama mtu aliyetaka kusimamisha basi. Kambi inaonekana toka mbali kwa moshi. Watu ni wengi kuliko Kamalondo yote, na matope yamewafika miguuni. Askari mmoja wa ONU, mweupe, mwekundu masikioni, alikuwa anaandika majina na kuyakosea.

Tulipofika kwenye waya, Émile akachukua godoro.

— Ile Ijumaa, aliniuliza, uliwasha juu ya magogo?

— Niliwasha.

— Uliangalia magurudumu?

— Niliangalia.

— Na?

— Sawa. Yalizunguka sawa.

Aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyesikia jibu na hataki kumwaibisha mtoto mbele ya darasa. Akaingiza mkono mfukoni, akanipa kipande cha chaki.

— Utahitaji, alisema. Daftari umefika ukurasa gani?

— Mingi.

— Miye naona. Nilikosea. Nilisema siku kumi.

Jumapili, 5 Novemba

Nimekigeuza kichwa cha meno. Baba Kapya aligusa na mkono wa kushoto, mimi na wa kulia. Kazi ilianza baada ya misa, ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Gari linakwenda mbele kwa gia nne, kama risasi. Bwana Antoine alizunguka nalo Kamalondo mara tatu akipiga honi, na Clotilde kando yake. Akarudi akasema kazi nzuri. Baba Kapya alimuuliza habari ya barua. Akasema mambo hayo sasa yamepita.

Alhamisi, 9 Novemba

Nyumba ya Mama Ngalula ina watu. Wamepaka mlango rangi ya bluu.

Jumapili, 12 Novemba

Mvua tangu asubuhi, na uani hakuna kazi. Nimesoma daftari hili toka mwanzo. Ni zuri, sikatai. Pale pa fanfare nilicheka tena, peke yangu. Vijana wananiita Gia Nne na mimi naitika. Baba Kapya ananipa sasa kazi za Émile pamoja na zangu, na kila asubuhi anatoa spana zote na kuzipanga upya, kwa sababu mimi nazipanga vibaya.

Kuosha kile kichwa hakukuwa kosa kubwa. Baba Kapya mwenyewe aliwahi kutuambia kwamba zamani naye aliosha. Chaki pia, mtu anaweza kusahau chuma kililalaje juu ya gunia. Hata ule uongo wa kugusa wawili, niliusema kwa upendo, na Mungu ana mambo mazito ya kuandika kuliko huo.

Lakini Émile alisema niandike kweli, na kuna mstari mmoja ambao si kweli. Ni wa tarehe 27 Oktoba, siku ya mvua ya kwanza. Ni maneno matatu: «Magurudumu yamezunguka vizuri.»

Niliwasha gari, nikaweka gia ya kwanza, nikashuka, nikaenda nyuma kuangalia. Gurudumu lilikuwa na bonge la matope. Nililifuata kwa macho: lilikuwa linazunguka kwenda nyuma. Nikangoja, nikidhani macho yananidanganya. Likapita tena, upande uleule. Ilikuwa asubuhi. Kazi ya kufungua na kugeuza, tumeiona Jumapili iliyopita, haifiki nusu siku. Ningepaswa tu kumngoja Baba Kapya arudi, na kumwambia kwamba mimi, Nkandu, sikujua kichwa kinakaaje.

Niliona. Nikazima mota, nikanawa mikono, nikaenda kula.